Debe ni Mtu

Katika mtaa wetu wa Eastlands kila safu ya nyumba ilikuwa na mfereji mmoja, na safu yetu ilikuwa ndefu kuliko zote. Mfereji ulichomoza kwenye nguzo fupi ya saruji karibu na vyoo vya pamoja, na maji yalikuja yalipopenda. Yakija, milango yote ilifunguka kwa pamoja. Hapo ndipo siasa ya mtaa wetu ilipoanzia. Nasema siasa kwa maana yake ya msingi: nani atangulie, nani angoje, na nani ana haki ya kuamua.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, maswali hayo yalijibiwa kwa viwiko. Mwanamke aliyeacha debe lake kwenye foleni ili akaangalie uji motoni alirudi akalikuta nyuma kabisa, au ndani ya mtaro. Siku moja walipigania nafasi akina mama wawili walioimba kwaya moja kanisani, sauti ya kwanza na sauti ya pili. Wote wawili walirudi nyumbani wamelowa chapachapa, na madebe yao makavu.

Aliyemaliza mambo hayo alikuwa jirani yangu wa mlango wa tatu, fundi wa mabomba katika karakana moja kule Industrial Area. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alibeba spana katika mfuko wa nyuma wa suruali kama wanaume wengine wanavyobeba kitana. Jioni ya ugomvi ule alipanda juu ya nguzo ya saruji na kutoa hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kusikia.

"Debe ni mtu," alisema. "Ukilisogeza, umemsukuma mwenyewe. Zamu yake ikifika na hayupo, aliye nyuma amjazie, kisha ajaze lake. Basi."

Akashuka, akaenda kula.

Nimewaza mara nyingi kwa nini kanuni ile ilishika wakati matangazo mengi ya wakubwa yalipuuzwa. Nadhani ni kwa sababu kila mmoja wetu leo alikuwa nyuma ya debe la mwenzake, na kesho debe lake ndilo lililosimama peke yake. Pia ilikuwa kanuni ya kufurahisha. Baada ya muda madebe yalipata sura. Lilikuwapo lenye shingo ya rangi nyekundu, lililofungwa mpini wa mti wa mpera, na moja lililobonyea ubavuni ambalo tuliliita Mgonjwa. Ungemsikia mtu akiuliza, "Mama wa rangi nyekundu yuko wapi leo?" na mwingine akajibu, "Si huyo hapo mbele," huku akielekeza kidole kwenye bati tupu.

Kwa kanuni hiyo peke yake jirani yangu aligombea udiwani. Wapinzani wake walikuwa na magari yenye vipaza sauti. Yeye alikuwa na wanawake wa safu yetu, ambao walipita barabarani wakipiga madebe matupu kwa mwiko, na kelele zao zilivimeza vile vipaza sauti vyote. Akashinda. Alinunua koti la kuendea mjini kwenye vikao, lakini hakuiacha spana, akaihamishia kwenye mfuko wa koti. Tangu siku hiyo koti lake lilining'inia upande, na ungeweza kumtambua Diwani kutoka mbali kwa bega lililoshuka.

Hakuwa msemaji mkubwa barazani. Alikuwa na njia yake. Badala ya kueleza shida kwa wahandisi wa jiji, aliwaleta waione saa ambayo shida yenyewe imeamka. Namkumbuka mhandisi mmoja aliyeletwa asubuhi, wakati foleni imefika hadi kwenye kona ya vyoo. Alitaka kukagua nguzo ya mfereji, basi akainama, akalishika debe la mbele na kuliweka kando. Bi Mkubwa, mama mmoja mwenye asili ya Lamu aliyeuza mahamri mlangoni pake, akamwambia kwa upole mkubwa:

"Mwanangu, umemsukuma mtu."

Mhandisi akatazama huku na huku. "Nani, mama?"

"Huyo ulomshika mkononi. Mrudishe, na umtake radhi."

Mhandisi akalirudisha debe mahali pake. Kisha, akiwa amevaa tai na viatu vya ngozi, akasema, "Samahani." Sijui kama aliliambia debe au alituambia sisi. Kabla ya mvua za mwaka ule tulikuwa na mfereji wa pili.

Diwani alichaguliwa tena mwishoni mwa muongo huo. Mitaro ilizibuliwa, na taa za njia ya kwenda kituo cha basi ziliwaka usiku mwingi kuliko zilivyozimika. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, baraza la jiji likavunjwa na jiji likawekwa chini ya tume ya watu walioteuliwa. Udiwani ukaisha siku hiyo nchi nzima ikisikia redioni. Katika safu yetu hakuna aliyemwambia mwenyewe. Tuliendelea kumwita Diwani, naye aliendelea kupita kila asubuhi na spana yake, akikaza hapa na kulegeza pale, kana kwamba tangazo lilihusu jiji lingine.

Basi nilishangaa, miaka michache baadaye, aliponiita kwake Jumapili moja, akanimiminia chai na kusema anataka kwenda Bungeni.

"Bomba linaloleta maji hapa lilizikwa wakati mtaa ulikuwa nusu ya ulivyo sasa," alisema. "Unaweza kukaza nati mpaka mkono uvimbe. Maji hayatoshi kwa sababu njia ni nyembamba. Bomba kubwa linaamuliwa juu, ambako sijafika. Hii spana imefika mwisho wake."

Akaniomba niwe wakala wake. Uchaguzi ulikuwa wa mlolongo, wa wenye kadi za chama pekee kilichokuwapo: hapakuwa na karatasi wala sanduku. Kila mgombea angekuwa na mtu wa kusimama uwanjani na picha yake, na wapiga kura wangepanga foleni nyuma ya picha waliyoitaka. Mengi mabaya yamesemwa kuhusu mlolongo, na mengi kati ya hayo ni kweli. Mimi nasimulia uwanja wetu tu.

Nilikubali, nikaenda kumweleza mke wangu nikitazamia afurahi. Alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Akienda Bungeni, spana itabaki na nani?"

Nikamweleza habari ya bomba kubwa. Nilikuwa nimesoma kidogo juu ya kipenyo na msukumo wa maji, nikamweleza na hayo pia.

"Nimekuuliza spana," alisema.

"Sijui."

"Basi mimi nitapanga nyuma ya yule mwingine. Yule akienda huko hatutamkosa. Huyu wetu akishindwa, atabaki."

Nilidhani anatania. Kumbe ndilo lililokuwa likisemwa mferejini safu nzima. Diwani alikuwa akikabiliwa na hatari ambayo sidhani wanasiasa wengi wameijua: watu wake walimpenda kiasi cha kutaka kumnyima kura. Mpinzani wake, mfanyabiashara mcheshi mwenye duka la vyuma Kariobangi, alilipata jambo hilo mapema na kulitumia bila haya. Katika mikutano yake alimsifu Diwani kwa dakika nyingi. "Huyo ni dhahabu yenu," alisema. "Nani anatoa dhahabu nyumbani akaipeleka mjini? Mwacheni hapa. Nitumeni mimi, mimi hamnihitaji."

Watu walicheka, na walipocheka nilijua tuna kazi.

Wiki ya uchaguzi maji yalikatika. Yalikatika siku nyingi kidogo kuliko kawaida, na asubuhi ya mlolongo mifereji yote ilikuwa bado mikavu. Watu walikwenda kwenye uwanja wa shule ya msingi na madebe yao mkononi, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuyaacha nyumbani. Maji yangeweza kutokea wakati wowote. Mke wangu alinipita langoni.

"Debe langu litapanga kwako," alisema. "Mimi mwenyewe bado naangalia."

Msimamizi alikuwa karani mmoja mzee, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alituweka mawakala kwenye magoli mawili ya uwanja wa mpira, tukitazamana, kila mmoja na picha juu ya fimbo, akatuagiza tutazame mbele na tusigeuke. Agizo hilo nililifuata kama lilivyotolewa, jambo ambalo mke wangu amelikumbusha mara nyingi tangu hapo. Kwa hiyo sikuiona foleni yangu hata mara moja. Niliiona ya mpinzani, ndefu na yenye kelele, ikipinda kuelekea madarasani. Yangu niliisoma usoni mwa wakala wa mpinzani kule mbele. Kwa muda mrefu alikuwa na uso wa mtu anayetazama mvua ikikaribia nguo zake kambani, nami nikapata moyo.

Ndipo sauti ikatoka upande wa nyumba: "Maji imerudi!"

Nilisikia nyuma yangu mlio wa mabati mengi yakiwekwa chini, halafu miguu ikikimbilia sufuria na ndoo za nyumbani, halafu kimya. Katika foleni ya mbele yangu nako wanawake walipungua, lakini wao waliondoka na vyombo vyao. Wakala wa mpinzani alikunja uso, akainua shingo, akatazama tena. Kisha akaanza kutabasamu. Tabasamu likawa kicheko, na kicheko kikashuka foleni yake yote hadi madarasani.

Karani alinipita akihesabu kwa kugusa mabega. Nikasikia hatua zake zikisimama.

"Hii ni nini?"

"Ni mama wa rangi nyekundu," ikajibu sauti ya mzee mmoja wa safu yetu.

"Na hii?"

"Huyo ni Mgonjwa. Lakini mwenye debe ni mzima."

Kijana mmoja akampigia karani kelele kutoka foleni ya mbele: "Buda, hizo debe ziko na kadi ya chama?"

"Mimi nahesabu watu," alisema karani.

"Na hao ni watu," sauti ya Bi Mkubwa ilijibu. Yeye hakuwa amekwenda popote. "Uliza mtaa mzima."

"Mama, bati halipigi kura."

"Kwani limepiga? Limeshika nafasi ya anayepiga."

Karani alikuja mbele yangu, akavua miwani. Alikuwa mtu wa haki, na naamini hoja ile ilimsumbua kweli. Lakini alipohesabu binadamu peke yao, hesabu haikuhitaji kutangazwa. Niliiona usoni mwa wakala wa mbele, aliyekuwa sasa akimpungia mkono mtu fulani kana kwamba yuko harusini. Nyuma yangu walibaki wanaume wachache, wazee, Bi Mkubwa, na mapengo yenye madebe.

Wagombea wote wawili walikuwa langoni. Karani akamwita Diwani, naye akaja na bega lake lililoshuka.

"Wanasema kanuni hii ni yako."

"Ni yangu."

"Inafanya kazi hapa?"

Kanuni hiyo ndiyo iliyomfanya diwani, na hakuwa na nyingine. Akiitetea, karani angeyafuta madebe na mlolongo ungeishia hapo. Akiikana, angekuwa amewasukuma wote waliomwamini.

"Debe ni mtu mahali ambapo jirani anaweza kukujazia," alisema. "Kura hakuna wa kukujazia. Hapa waje wenyewe."

"Lango halijafungwa," alisema karani. "Wakija kabla sijalifunga, nitawahesabu."

"Basi madebe yapelekwe mferejini yashike nafasi, wanawake waje hapa. Wote. Wa foleni ile pia wako huko."

"Ya nini kuwaita wetu?" wakala wa mpinzani alisema kutoka kule golini. "Ita wako."

"Nyamaza wewe," mpinzani mwenyewe alisema kutoka langoni. "Dada yangu yuko huko mferejini. Nikishinda bila yeye, utanipikia wewe?"

Ikabaki shida moja. Maji yakiachwa yatiririke bila mtu yangepotea, na yakifungwa huenda yasingerudi. Lazima watu wabaki wakijaza, na watakaobaki watakosa kura. Suluhisho lilitoka mferejini kwenyewe, na habari yake tuliipata baadaye. Wale wanakwaya wawili waliopigana miaka ile ya nyuma walikuwa sasa pande tofauti: sauti ya kwanza alimtaka Diwani, sauti ya pili alimtaka mwenye duka la vyuma. Wakapatana wabaki wao wawili. Kura zao zingeuana hata wangekuja, basi ziuane wakiwa hapo hapo. Waliotoka huko walisema waliwaacha wakijaza debe baada ya debe, wakiimba, na kulaumiana juu ya nani anaharibu sauti.

Wanawake waliingia uwanjani kwa wingi, leso zimelowa hadi magotini. Walipofika katikati waligawanyika, na kwa kuwa nilikatazwa kugeuka niliona tu waliokwenda mbele. Wengine waliopita nyuma yangu nilisikia ndala zao zikichapa matope. Mke wangu alikuja mwisho. Hakwenda kwangu wala kule. Alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, na wakala wa mpinzani akamtengea nafasi kwa heshima kubwa, kama mtu anayemkaribisha shemeji sebuleni.

"Shemeji," mke wangu alimwambia Diwani. "Nilimuuliza mzee wangu swali, akanisomea habari za kipenyo. Nakuuliza wewe. Spana?"

Diwani alitia mkono kwenye mfuko wa koti, akaitoa, akampa.

Karani alikuwa amefika hapo kabla mkono wake haujashuka. "Wewe. Unampa mpiga kura kitu mbele yangu?"

"Si zawadi," alisema Diwani. "Ni kazi."

"Mshahara wake?"

"Hakuna."

Karani aliichukua spana, akaigeuza, akaipima uzito mkononi. Ilikuwa imekula kutu shingoni, na meno yake yalikuwa yamelika upande mmoja. Akamrudishia mke wangu. "Hii si hongo," alisema. "Hii ni adhabu. Kapange."

Bega la koti la Diwani lilikuwa limenyooka. Nilikuwa sijaliona hivyo kwa miaka mingi, na kwa kulishangaa sikuona mke wangu alielekea wapi. Kule mbele, wakala wa mpinzani aliifunga polepole ile nafasi aliyoitenga. Halafu nikasikia sauti nyuma ya sikio langu:

"Inua picha. Mkono unalegea."

Karani alifunga lango na kuhesabu tena, mabega kwa mabega. Ilipotangazwa, tofauti haikuwa kubwa, lakini haikuhitaji ubishi. Mpinzani alikuja kumpa Diwani mkono, akamwambia kwa sauti ya kusikika, "Niliwaambia wewe ni dhahabu. Wamekuuza." Watu walicheka, naye akacheka nao. Kisha wote waliondoka mbio, kwa sababu maji yalikuwa bado yanatoka.

Bomba kubwa lilikuja, ingawa lilichelewa kuliko alivyotuahidi na lilikuwa jembamba kidogo kuliko alivyoomba. Hilo ni simulizi la watu wa Bunge, na sikuwapo.

Nililoliona ni la siku aliyokwenda kuapishwa. Alitoka nyumbani asubuhi na suti mpya, mkononi amebeba debe. Akafika mferejini, akaliweka mwisho wa foleni, akawasalimu wote, akaenda zake mjini. Mke wangu alikuwa kwenye nguzo na spana imefungwa kwenye pindo la leso. Foleni ilisogea. Mwanamke mmoja mgeni, aliyehamia wiki hiyo kutoka Eastleigh, alijikuta nyuma ya debe lisilo na mwenyewe, akataka kuliruka.

"Hili la nani?"

"La mbunge," alisema mke wangu.

"Yuko wapi?"

"Si huyo hapo mbele yako. Mjazie."

Mgeni akamjazia. Mke wangu alilibeba debe hilo hadi mlango wa tatu, akamwambia mke wa mheshimiwa kwamba kesho alete dogo kidogo.